Kampuni ije na mashine na ghala, ardhi ya mahindi ibaki kwa familia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nichangie hoja inayorudi kila mwaka mvua za Novemba zinapokaribia: kwamba mkulima wa familia ameshindwa, na kwamba mahindi na mpunga wa Tabora na Kigoma sasa wakabidhiwe wenye mitaji, wamiliki mashamba ya maelfu ya ekari. Wanaosema hivyo hawajakosea kila kitu. Wanakosea pale wanapofunga mashine na umiliki wa ardhi katika furushi moja, kana kwamba huwezi kupata trekta mpaka utoe shamba.

Tuanze na hesabu ya shamba lenyewe. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukipanda sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu moja moja, ekari inabeba mashina karibu 18,000. Tuseme 15,000 yafike mavunoni, kila shina litoe hindi moja lenye gramu 130 za punje. Hizo ni kilo 1,950, yaani magunia 19 na nusu ya kilo 100. Mkulima anayevuna magunia manane mara nyingi ardhi yake haina kosa. Mhesabie mashina: utakuta 9,000 au pungufu, kwa sababu alipanda kwa kukadiria kwa macho, mbegu nyingine zikaliwa na kware, na mbegu yenyewe ilikuwa chotara ya mavuno ya mwaka jana ambayo kizazi cha pili haitoi kama cha kwanza. Kamba yenye vifundo kila sentimita 30 na mbegu iliyonunuliwa kwa wakala anayeeleweka ndiyo dawa yake. Hapo kampuni haina siri yoyote ambayo familia haiwezi kuijua.

Mbolea ni hivyo hivyo. Mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 unatosha ekari. Ukipanda 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, una mashimo 9,000, na kila shimo linapata gramu tano na ushei, ambayo ni kizibo kimoja cha soda. Itenganishwe na mbegu kwa udongo, la sivyo inaiunguza. Udongo mwingi wa Urambo, Sikonge na Uyui ni kichanga. Mvua kubwa ikishuka siku mbili mfululizo, naitrojeni nyingi ya urea, mbolea ya kukuzia, inazama chini ya mizizi. Kwa hiyo mfuko wa urea ugawanywe: nusu ya kwanza iwekwe katika wiki ya tatu baada ya kuota, nusu ya pili mahindi yakikaribia kutoa mbelewele, na mara zote mbili ifukiwe, maana ikiachwa juu ya udongo sehemu yake inapotea hewani. (Wengi hapa Tabora hupandia mahindi kwa mbolea ya tumbaku, NPK 10:18:24, iliyochepushwa kutoka kwenye mkopo wa chama cha ushirika. Mahindi hayaikatai, lakini deni linabaki juu ya tumbaku ambayo haikuipata.) Kukuzia mara mbili kunataka mikono mingi ndani ya siku chache, na mikono ndiyo familia iliyo nayo. Shamba kubwa linaloweka mbolea kwa trekta la kawaida haliingiliki tena mahindi yakishapita kiuno.

Halafu kuna viwavijeshi vamizi, walio nasi tangu mwaka 2017. Dawa humpata kiwavi akiwa mdogo, kabla hajaingia kwenye moyo wa mmea na kujiziba kwa kinyesi chake. Akishafika hapo unanyunyizia majani tu. Mwenye shamba anayepita mara mbili kwa wiki na kukagua mimea 20 mahali patano tofauti ataona mikwaruzo myeupe kwenye majani machanga mapema, na atanyunyizia jioni, wadudu wanapotoka kula. Kibarua wa siku analipwa kwa idadi ya mistari aliyopalilia, hakuna anayemlipa kwa kuangalia. Ndiyo maana shamba kubwa la nafaka hulazimika kuajiri wanyapara wa kusimamia vibarua, mameneja wa kusimamia wanyapara, na walinzi wa kulinda vyote usiku. Chai au miwa inaweza kubeba gharama hizo kwa sababu ya kiwanda kilicho pembeni. Mahindi yana bei ndogo kwa kilo, na serikali ikifunga mpaka ghafla, kama ilivyowahi kufanya mwaka 2011, bei inaporomoka mishahara ikiwa pale pale. Familia mwaka mbaya inakula ilichovuna na kusubiri. Kampuni yenye mkopo wa benki haina nafasi hiyo, na ndipo ardhi inapoanza kubadilisha mikono bila kijiji kujua.

Mahali ambapo mkubwa anamshinda mdogo bila ubishi ni muda. Mashine ya kupandia ya mistari minne, sentimita 75 kati ya mstari na mstari, ina upana wa mita 3. Ikienda kilomita 6 kwa saa inafunika hekta 1.8; ukitoa muda wa kugeuza, kujaza mbegu na kuzibua, inabaki hekta 1.2 hivi, karibu ekari tatu kwa saa, ekari 24 kwa siku ya saa nane. Jozi ya ng'ombe kule Igunga na Nzega hulima ekari moja kwa siku moja hadi mbili, na kupanda bado. Mtu mmoja mwenye jembe la mkono hutumia wiki mbili au zaidi. Kigoma, ambako ndorobo (mbung'o) walizuia ng'ombe katika sehemu nyingi, hilo jembe la ng'ombe lenyewe ni adimu. Matokeo yake familia inamaliza kupanda katikati ya Januari, na mahindi yale yanajaza punje wakati mvua za Aprili zinakatika. Hasara ya kuchelewa ni kubwa kuliko hasara ya mbolea, na haionekani, kwa sababu shamba linakuwa kijani kama la jirani mpaka siku ya kumenya.

Lakini mashine hiyo nayo ina masharti yake, na hapa wenye mitaji wamejikwaa mara nyingi kuliko wanavyopenda kukumbuka. Pori la miombo lililofyekwa juu juu limejaa visiki na vichuguu. Diski ikigonga kisiki cha mninga inapinda, bearingi inafuata, na kipuri kipo Dar es Salaam. Ukileta tingatinga ling'oe visiki vyote, linasukuma pamoja navyo udongo wa juu, na rutuba ya miombo iko kwenye tabaka hilo jembamba. Unabaki na shamba safi la mchanga. Anayetaka kufungua ardhi ya aina hii kwa usahihi anang'oa visiki kwa mkono au kwa mnyororo katika misimu miwili mitatu, huku akilima katikati yake. Ni kazi ya familia kabisa. Mwekezaji aliyeahidi mavuno ndani ya mwaka wa kwanza haiwezi.

Urambo walishaliona hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo, kwa lengo la ekari milioni tatu. Karanga si nafaka, najua, lakini mpango ulikuwa ule ule: ardhi moja kubwa, mwenye mali mmoja, mashine nyingi. Mashine za kusafishia pori ziliharibika kwa haraka kuliko zilivyotengenezwa, mvua haikuwa imepimwa vya kutosha, na udongo wa Kongwa ulipokauka ulikuwa mgumu kiasi cha kukataa karanga zing'olewe. Mwaka 1951 mradi ulisimamishwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Ardhi ya Urambo ikaja kugawiwa wakulima wapangaji wa vipande vya kawaida, zao likawa tumbaku, na Urambo ikajulikana kwa hilo.

Baada ya uhuru serikali yetu nayo ikajaribu kupitia NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula. Ngano ya Hanang ilitoka kweli, kwenye mashamba makubwa saba yaliyosaidiwa na Kanada, lakini Wabarabaig waliondolewa kwenye malisho yao na kesi zikafika mahakamani, na msaada wa vipuri na fedha ulipokoma mashamba yalidhoofu. Mashamba ya mpunga ya shirika hilo hilo kule Mbarali yaliuzwa kwa watu binafsi, na pale Kapunga hekta 1,870 za kijiji zikajikuta ndani ya hati ya mwekezaji. Mgogoro huo ulichukua miaka.

Kwetu Magharibi jaribio kubwa lilikuja mwaka 2010, kampuni ya AgriSol Energy ya jimbo la Iowa, Marekani, ilipotaka zaidi ya hekta 300,000 Katumba na Mishamo, wakati huo Rukwa na sasa Katavi, pamoja na Lugufu mkoani Kigoma. Katumba na Mishamo hazikuwa pori tupu. Waliishi watu waliotoka Burundi mwaka 1972 na wazao wao, wakilima mahindi, maharage, muhogo na tumbaku, kama wenzao wa Ulyankulu hapa Tabora. Mpango wa makambi hayo mawili uliishia kwenye makaratasi. Ninachotaka wasomaji wakitazame ni sheria ya nyumbani kwa kampuni ile. Tangu mwaka 1975 Iowa inabana kampuni kumiliki ardhi ya kilimo. Hata kampuni isiyo ya familia iliyoruhusiwa kisheria haitakiwi kuzidi ekari 1,500. Hekta 300,000 ni zaidi ya ekari 740,000.

Wamarekani wanabishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu. North Dakota walipiga kura kuzuia kilimo cha kampuni mwaka 1932. Nebraska waliingiza katazo hilo kwenye katiba ya jimbo mwaka 1982, mahakama ya shirikisho ikalifuta mwaka 2006. North Dakota mwaka 2016 zaidi ya robo tatu ya wapiga kura walikataa kulegeza sheria kwa ajili ya maziwa na nguruwe, ingawa mwaka 2023 bunge lao lililegeza kwa upande wa mifugo. Na wale wanaotuambia kwamba Marekani inalisha dunia kwa sababu mashamba yake ni ya makampuni waangalie tena: zaidi ya asilimia 95 ya mashamba kule yanahesabiwa kuwa ya familia. Ni familia yenye ekari elfu moja au mbili na mashine ya kupandia ya mistari 16, hilo sikatai, na ardhi nyingi imekodiwa kwa majirani na warithi waliohamia mjini. Nyingine zimesajiliwa kama kampuni kwa ajili ya mirathi na kodi tu. Kwa hiyo ukubwa wa eneo linalolimwa na ukubwa wa eneo linalomilikiwa ni vitu viwili, na Mmarekani amejenga kilimo chake juu ya tofauti hiyo.

Sheria yetu inatupa nafasi ya kufanya hivyo hivyo, ila wengi hawaisomi mpaka kibao cha mwekezaji kimesimikwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema ardhi ya kijiji inayotakiwa kuhamishwa isiyozidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri ndiye anayeamua. Mgeni asiye raia hamiliki ardhi moja kwa moja. Anapewa haki ya kuitumia kupitia mamlaka ya uwekezaji ya taifa, na ili hilo liwezekane ardhi inahamishwa kwanza kutoka ya kijiji kuwa ardhi ya jumla. Hapo ndipo penye mtego. Ikishakuwa ya jumla, mwekezaji akifilisika, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Inabaki mikononi mwa serikali, na anayefuata kuipata anaweza kuwa mtu ambaye kijiji hakijawahi kumwona. Kwa hiyo mwenyekiti anayewaambia watu "akishindwa tutaichukua" anaahidi kitu ambacho hakimo kwenye uwezo wake. Kukodisha ni njia nyingine, na sheria ile ile inairuhusu; kadiri eneo na muda vinavyoongezeka, ndivyo ngazi za idhini zinavyoongezeka. Kukodisha miaka mitano na kupitia upya ni bora kuliko kuhamisha hata hekta 100.

Sasa, familia zitapataje mashine bila kutoa ardhi? Njia inayofanya kazi ni mashamba ya pamoja kwa mpaka, siyo kwa umiliki. Chukua familia 40, kila moja ekari tano zilizopakana: ekari 200. Trekta moja na mashine ile ya mistari minne inapanda zote ndani ya siku tisa au kumi. Kila mtu anabaki na hati yake ya kimila na anavuna chake. Yanayoharibu mpango huu yanajulikana. La kwanza ni matuta: mashine haipandi juu ya matuta ya jembe, hivyo wote wakubali sesa, yaani shamba tambarare lisilo na matuta, kabla ya Oktoba, na palipo na tabia ya kutuama maji pabaki mpunga wa majaluba (vipande vilivyozungushiwa kingo za kuzuia maji). La pili ni mistari: mashamba yapangwe marefu na yaelekee upande mmoja, kwa sababu trekta linalogeuza kila mita 60 linapoteza muda mwingi likigeuza. La tatu ni zamu. Nani wa kwanza? Ipigwe kura hadharani, na anayeanza mwaka huu awe wa mwisho mwakani. La nne ni kipimo. Wakulima wanahesabu ekari hatua 70 kwa 70, na mwenye trekta anayelipwa kwa ekari ana kawaida ya kupiga hatua fupi. Ekari ya mraba ni mita 63.6 kila upande. Tumieni kamba ya mita 50 na kila mtu aione ikinyooshwa.

Baada ya kuvuna, kampuni ina kazi kubwa ya kufanya, na hapo nisingeizuia kabisa. Dumuzi, ambaye wakulima walimpa jina la Scania, alionekana kwanza nchini hapa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya kuingia kutoka Amerika ya Kati, na anapenda zaidi mahindi yaliyobaki kwenye magunzi. Pukuchua mapema. Kausha mpaka unyevu wa asilimia 13. Asiye na kipima unyevu aweke punje na chumvi kavu kwenye chupa safi ya kioo, atikise dakika chache: chumvi ikinata kwenye kioo, bado ni mabichi. Kisha dawa ya vumbi gramu 100 kwa gunia, au mfuko wa tabaka tatu, kila mfuko wa ndani uminywe hewa na kufungwa peke yake. Ukifunga mahindi mabichi kwenye mfuko huo umejitengenezea ukungu, na sumukuvu si jambo la mzaha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara. Kikaushio, mzani mkubwa, ghala lenye sakafu iliyoinuliwa, na stakabadhi ya ghala ambayo mkulima anaweza kuikopea, hivyo ndivyo vitu ambavyo familia moja haiwezi kununua na kampuni inaweza. Mwenye mtaji ajenge hapo.

Ila mkataba usomwe na watu waliopitia tumbaku. Kwenye tumbaku kampuni hazikumiliki ardhi hata kidogo, na bado kuna vyama vya msingi vilivyobaki na madeni ya kutisha, kwa sababu mkopo wa pembejeo ulidhaminiwa na wote: anayeuza pembeni na kutoroka, jirani yake anamlipia. Mkataba wa mahindi utenganishe deni la kila mmoja kwa jina na namba yake ya usajili wa mbolea ya ruzuku. Uandikwe bei ya chini kabla ya kupanda na namna ya kuipandisha soko likipanda. Mzani uwe na alama ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo, uzito ukomee kilo 100 bila lumbesa (gunia la kujazia kupita kipimo), na siku za malipo zihesabiwe kuanzia mzigo unapopimwa. Tarehe ya ankara ya kampuni isikubalike kuwa mwanzo wa kuhesabu.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Waandishi wako wanaporipoti kwamba mwekezaji wa nafaka amepokelewa katika wilaya fulani, waandike pia hekta ngapi, kama ardhi imekodiwa au imehamishwa kuwa ya jumla, na muhtasari wa Mkutano Mkuu uliokubali una saini za wanakijiji wangapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Afisa ugani mstaafu,
Urambo, Tabora